Mteja Akisema "Tamu, Asante": Mwongozo wa Maoni ya Wateja kwa Mwenye Duka la Pai Mtaani

Unaoka pai za nyama, za kuku na za nanasi. Unazipanga kwenye kabati la kioo, na kila ukimuuliza mteja anakujibu, "Tamu, asante." Lakini trei ya pai za kuku inabaki nusu kila jioni, na yule mwalimu aliyezoea kubeba tano kila Ijumaa humwoni tena. Ikiwa hali yako ndiyo hiyo, mwongozo huu ni wako. Utakuonyesha namna ya kupata maoni ya kweli, kuyageuza kuwa kazi ya jikoni, na kujua yapi uyafanyie kazi leo na yapi uyaache. Anayeuza sambusa, katlesi, keki au mkate wa nyama naye atafaidika, kwa kuwa mambo ni yaleyale.

Kwa nini sifa peke yake hazitoshi

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo haikuambii utajuaje siku kizuri chako kilipoanza kuharibika. Kwetu, kumkosoa aliyekupikia ni utovu wa adabu, na jirani ndiye mwenye kazi ngumu zaidi ya kusema ukweli: mnakutana msikitini au kanisani, msibani na kwenye kikoba. Hatakwambia kwamba ganda ni gumu. Atahamia duka la pili, na mkikutana atakusalimu kwa bashasha ileile.

Kuna sababu nyingine mbili. Kwanza, wanaojitokeza kusema ni wachache, na mara nyingi ni wale waliofurahi sana au waliokasirika sana. Walio katikati, ambao ndio wengi, hunyamaza. Pili, swali "Ni nzuri?" limeshamwekea mteja jibu mdomoni.

Kwa hiyo soma mambo matatu kwa pamoja: anachokifanya mteja, anachokijibu akiulizwa swali la jambo moja, na kilichotokea jikoni siku ile. Moja kati ya hayo likisimama peke yake linaweza kukupotosha.

KISANDUKU 1: Uwe na vitu hivi kabla hujaanza

- Daftari moja la maoni na mauzo, likae dukani siku zote.
- Mizani ya jikoni inayopima gramu.
- Kipimajoto cha chakula, kile cha kuchoma katikati ya pai.
- Saa ya ukutani inayoonekana jikoni.
- Sanduku dogo la maoni lenye karatasi na kalamu. Liweke karibu na mlango, mbali na anayepokea pesa, ili mtu aandike bila kutazamwa.

HATUA ZA KUFUATA

Hatua ya 1: Tazama kabla ya kuuliza

Kwa wiki mbili za mwanzo usiulize mtu kitu. Chora safu hizi kwenye daftari: aina ya pai, idadi iliyotoka kwenye oveni, saa iliyotoka, saa iliyoisha, zilizobaki, na walioulizia baada ya kuisha. Safu ya mwisho husahaulika sana. Pai za nyama zikiisha saa tano asubuhi, daftari litaonyesha "zimeisha zote" nawe utafurahi, ilhali wateja wa mchana wameondoka mikono mitupu.

Kama una meza za kulia, kagua sahani zinazorudi. Ukingo wa ganda ukiachwa, huenda ni mnene au mgumu. Ganda likiliwa na nyama ikaachwa, shida iko ndani: chumvi, pilipili au mifupa ya kuku.

Andika pia hali ya siku: mvua, mwisho wa mwezi, shule zimefungwa, umeme umekatika. Mauzo ya Ramadhani yalinganishe na ya Ramadhani iliyopita, si na ya mwezi unaofuata. Vilevile usilinganishe wiki ya mishahara na wiki ya tatu ya mwezi.

Hatua ya 2: Uliza swali moja, la jambo moja

Anayeuliza awe muuzaji wa mbele, si aliyeoka. Mteja aulizwe kuhusu pai aliyokwisha kuila. Anayelipa sasa hivi hana la kukwambia kuhusu ladha. Chagua swali moja kwa wiki nzima, umuulize kila anayerudi. Mifano:

- Badala ya "Ilikuwa nzuri?" uliza: "Ganda la ile pai ya jana lilikuwa laini, gumu, au lilikuwa sawa?"
- Badala ya "Bei ni kubwa?" uliza: "Kitu gani kingekufanya uongeze ya pili?" Ukimuuliza mtu kama bei ni kubwa, atakwambia ndiyo.
- Badala ya "Una maoni yoyote?" uliza: "Ungepewa nafasi ya kubadilisha kitu kimoja tu kwenye pai hii, ungeanza na nini?" Swali hili linampa ruhusa ya kukosoa bila kuonekana mkorofi.

Kwa mteja mwenye haya au mtu mzima wa kuheshimiwa, uliza kuhusu wa nyumbani: "Shikamoo mzee. Zile pai ulizobeba juzi, pilipili haikuwashinda watoto?" Mtu aliyeshindwa kukukosoa kwa niaba yake mwenyewe atasema bila taabu, "Watoto waliona kali, mwanangu."

Hatua ya 3: Andika maneno yake yalivyo

Akisema "inakaba", andika "inakaba". Usigeuze kuwa "kavu", kwa sababu kukaba kunaweza kutokana na ganda nene wakati nyama yenyewe haina tatizo. Ongeza tarehe, aina ya pai na kama ilikuwa ya trei ya asubuhi au ya jioni. Bila hayo hutaweza kurudi jikoni na kujua ni mchanganyiko upi uliolalamikiwa.

Jina na namba ya simu si lazima. Ukichukua namba ya mtu ili umrudishie jibu, muombe ruhusa na uitumie kwa jambo hilo tu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina ya kwake ya mwaka 2019. Kumtumia mtu matangazo kwa namba aliyokupa kwa ajili ya oda kunaweza kukuingiza matatani, na kunaudhi.

Hatua ya 4: Gawa maoni katika mafungu manne

Kila Jumapili jioni pitia daftari na uweke alama pembeni:

1. Usalama: tumbo kuuma, harufu ya kuchacha, nyama mbichi ndani, unywele, kipande cha plastiki. Sauti moja inatosha. Fanyia kazi siku hiyohiyo.
2. Ubora: gumu, kavu, mafuta mengi, limelowa. Watu watatu wasiohusiana wakisema jambo moja ndani ya wiki, ingia jikoni.
3. Kiasi, bei na huduma: nyama kidogo, foleni, chenji, muuzaji kununa. Linganisha na takwimu za daftari kabla ya kuamua.
4. Matamanio: "ongeza pilipili", "leteni pai ya samaki". Yahesabu tu. Anayetaka pilipili zaidi na anayetaka ipunguzwe wote wana haki. Mara nyingi chupa ya pilipili mezani inawapatanisha.

Hatua ya 5: Tafuta chanzo jikoni

Mteja anajua alichokihisi mdomoni. Kilichosababisha ni kazi yako wewe. Anza na orodha hii.

KISANDUKU 2: Alichosema mteja na cha kukagua

"Ganda ni gumu." Unga umekandwa mno au umetiwa maji mengi. Kadiri unavyokanda unga wa ngano uliolowa ndivyo unavyovutika, na kuvutika kunafaa mkate, si pai. Changanya mpaka ushikane tu, kisha uupumzishe kwenye friji kwa dakika 30 kabla ya kusukuma.

"Lina mafuta mengi." Siagi imeyeyuka kabla ya kufika kwenye oveni, au oveni ilikuwa haijapata moto. Kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa, kanda alfajiri, tumia maji ya baridi sana, na washa oveni mapema ifike nyuzi 200 za Selsiasi. Kwa sambusa, mafuta yawe kati ya nyuzi 175 na 180. Yakiwa ya uvuguvugu, sambusa inayanywa.

"Chini limelowa." Nyama imejazwa ikiwa ya moto au ina mchuzi mwepesi. Ikaushe sufuriani, ifanye nzito kwa kijiko cha unga, iache ipoe ndipo ujaze. Oka kwenye rafu ya chini, juu ya trei iliyokwisha kupata moto. Kwa pai ya nanasi, chemsha tunda na wanga wa mahindi mpaka maji yashike.

"Ndani ni kavu." Nyama haina mafuta kabisa au imeungua kwenye kukaushwa. Bakiza mchuzi mzito unaofunika kijiko.

"Tamu mno" au "haina utamu." Nanasi na embe hubadilika kila mzigo. Onja tunda kwanza ndipo upime sukari.

"Siku hizi nyama ni kidogo." Pima, usibishe. Pai 50 zenye gramu 40 za nyama iliyopikwa zinahitaji kilo 2. Zenye gramu 50 zinahitaji kilo 2 na nusu. Mkono wa mjazaji ukizidisha gramu 10, nusu kilo imekwenda. Ukipunguza, wateja ndio wanaotambua. Weka kijiko kimoja cha kupimia na upime pai tano za kila trei.

"Leo chumvi, jana haina." Mpishi anakadiria kwa kiganja. Andika chumvi kwa gramu kwa kila kilo ya nyama, na mapishi yabandikwe ukutani.

"Limelegea." Limepashwa kwenye maikrowevu, au limefungwa kwenye mfuko wa plastiki likiwa la moto. Pasha kwa oveni na tumia mfuko wa karatasi.

Hatua ya 6: Badilisha kitu kimoja, kisha jaribu

Ukibadilisha siagi, chumvi na muda wa kuoka kwa siku moja, mauzo yakipanda hutajua kilichosaidia. Badilisha kimoja, kaa nacho wiki mbili, soma daftari.

Kama badiliko ni la kupunguza gharama, kwa mfano kutoka siagi kwenda margarini, lijaribu kabla halijafika kabatini. Wataalamu wa vyakula wana jaribio la vipande vitatu, nawe unaweza kulifanya dukani kwako:

1. Tafuta waonjaji 12. Wasiwe ndugu zako watupu.
2. Kila mmoja mpe vipande vitatu vyenye ukubwa na joto sawa: viwili vya aina moja, kimoja cha aina nyingine. Sita kati yao wapate pai ya zamani mara mbili, sita wapate mpya mara mbili.
3. Sahani zipewe namba zisizo na maana, kama 417, 862 na 295. Ukiandika A, B na C mtu atadhani A ndiyo bora. Badilisha mpangilio kwa kila mwonjaji.
4. Aonje peke yake, anywe maji kati ya kipande na kipande, kisha akuonyeshe kilicho tofauti. Asipojua, abahatishe.
5. Hesabu waliopatia. Kwa kubahatisha tu, wanne kati ya 12 watapatia. Wakifika wanane au zaidi, badiliko linasikika mdomoni, na wateja wako watalisikia.

Wakiwa chini ya wanane, usitangaze kwamba hakuna tofauti. Jua tu kwamba kwa watu hao haikujitokeza wazi. Tena jaribio hili halisemi ipi inapendwa. Hilo uliulize baadaye, kwa waliotambua tofauti.

Hatua ya 7: Rudisha jibu

Mteja aliyesema na asione kitu hatasema tena. Bandika karatasi mlangoni: "Mlisema ganda ni gumu. Tumebadilisha namna ya kukanda. Onjeni mtuambie." Aliyelalamika ana kwa ana, mwambie mwenyewe akirudi. Ukiamua kutobadilisha, toa sababu kwa adabu: "Pai ya samaki tumeijadili, dada. Samaki wetu hafiki mapema asubuhi, na hatutaki kukuuzia wa jana."

KISANDUKU 3: TAHADHARI. Mteja akisema "pai yako imeniumiza tumbo"

1. Usibishe na usikiri kosa papo hapo. Mpe pole na umsikilize.
2. Mwelekeze kituo cha afya bila kuchelewa kama anaharisha damu, ana homa kali, ameishiwa maji, ni mjamzito, mzee au mtoto mdogo.
3. Andika: alikula nini, saa ngapi, dalili zilianza saa ngapi, nani mwingine alikula. Sumu ya bakteria wa stafilokoka huanza kuleta kutapika ndani ya dakika 30 hadi saa 8. Salmonela huchukua saa 6 hadi siku 6. Kwa hiyo chakula cha mwisho si lazima kiwe ndicho chanzo. Kuamua hilo ni kazi ya wataalamu, kazi yako ni kuandika saa.
4. Acha kuuza mchanganyiko wa siku ile. Weka pai chache kwenye chombo safi chenye tarehe, ndani ya friji, zisiuzwe wala kuliwa.
5. Mjulishe afisa afya wa eneo lako, hasa wakilalamika watu wawili au zaidi.

Kinga ni nafuu kuliko pole. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kipikwe mpaka katikati kifike nyuzi 70, kinachosubiri kuliwa kiwe juu ya nyuzi 60, cha kuhifadhiwa kiwe chini ya nyuzi 5, na kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2. Kabati la kioo lenye taa si lazima liwe na joto la kutosha: choma kipimajoto katikati ya pai. Usitegemee kupasha upya kuokoa pai iliyokaa nje mchana kutwa, kwa sababu sumu ya stafilokoka haiharibiwi na moto wa kupashia. Na mteja akiuliza kama kuna karanga, maziwa au mayai, usikisie. Soma mapishi ukutani umjibu.

Maoni ya kwenye simu

Siku hizi jirani huandika kwenye kundi la WhatsApp la mtaa au kwenye Google Maps kile alichoshindwa kukwambia. Kabla ya kujibu, fungua daftari uone siku ile ilikuwaje. Jibu lako liwe na mambo matatu tu: pole, ulichokagua, na unachofanya. Mfano: "Pole sana, na asante kwa kutuambia. Trei ya Jumamosi jioni kweli ilikaa sana kwenye oveni. Tumeweka saa ya kengele, karibu tena." Mambo ya fedha na ya afya ya mtu yahamishie kwenye simu ya faragha.

Usiwalipe watu wakuandikie sifa, wala usiwatume wafanyakazi wajifanye wateja. Kutoa pai ya bure kwa masharti ya nyota tano ni mtego uleule. Mbali na udanganyifu, unajifungia mlango: hutajua tena sifa ipi ni ya kweli.

Makosa ya kawaida

- Kubadilisha mapishi kwa sababu ya mteja mmoja mwenye sauti kubwa.
- Kuwauliza wanaokuja tu. Muulize pia aliyeacha kuja, ukikutana naye sokoni: "Tumekukosa, kaka. Kuna tulipokosea?" Kisha unyamaze umsikilize.
- Kumkatia mfanyakazi mshahara kwa kila lalamiko. Kuanzia siku hiyo, malalamiko hayatafika kwako.
- Kujitetea. Ukieleza bei ya unga ilivyopanda kabla mteja hajamaliza sentensi, amemaliza kusema kwa mwaka mzima.
- Kuonjesha kipande kidogo cha moto, halafu kuuza pai ya baridi. Onjesha ile inayouzwa.
- Kufungua sanduku la maoni mara moja kwa mwezi. Lalamiko la unywele halisubiri mwezi.

ORODHA YA KUKAGUA KILA WIKI

☐ Safu zote za daftari zimejazwa, pamoja na walioulizia pai zilizoisha.
☐ Swali la wiki ni moja, na wauzaji wote wanalijua.
☐ Maneno ya wateja yameandikwa kama yalivyosemwa.
☐ Malalamiko ya usalama yote yamefanyiwa kazi siku yalipotolewa.
☐ Pai tano za kila trei zimepimwa.
☐ Joto la kabati limepimwa asubuhi, mchana na jioni.
☐ Sanduku limefunguliwa.
☐ Badiliko la sasa ni moja tu, na tarehe lilipoanza imeandikwa.
☐ Jibu kwa wateja limebandikwa mlangoni.

Ikikushinda orodha nzima, anza na mambo mawili: safu ya walioulizia, na swali la kitu kimoja cha kubadilisha. Hayo hayagharimu hata shilingi, na yanaweza kuanza kesho asubuhi trei ya kwanza itakapotoka. Ukishasikia jibu, usimwache mteja arudi mara ya pili akute kosa lilelile.